Mtani Mwenye Mikono ya Umeme

Kalunde Kasubi aliingia msibani saa nne asubuhi akipiga mayowe, kavaa kiatu kimoja, kajipaka majivu usoni, na kichwani kajitwika furushi la matambara lililofungwa kwa kamba ya katani. Alikuwa na umri wa miaka kumi na tisa. Watu aliokwisha kuwaua walikuwa sita, na wa saba alikuwa ndani ya ua ule ule, anamlilia mama yake.

"Nipisheni!" alipiga kelele. "Nimetoka Tabora kwa miguu! Nimesikia kuna Mgogo kalala tangu juzi hataki kuamka. Nikasema huo si ugonjwa, hiyo ndiyo kazi yao!"

Waombolezaji waliokaa mikekani, chini ya mapaa ya kuvunia umeme wa jua, waligeuza shingo. Baadhi walicheka huku machozi hayajawakauka. Walinzi wa langoni hawakucheka hata kidogo. Walikuwa vijana wa mjini, wamevaa miwani inayoona mpaka ndani ya mwili, na mmoja wao alimzuia kwa mkono.

"Dada, kitambulisho. Na huo mzigo ushushe."

"Mnyamwezi ashushe mzigo? Tangu lini?"

Mama mmoja wa makamo, mnene, kafunga kanga kiunoni, alikuja mbio kutoka jikoni. Huyo alikuwa Mbeleje, binti wa marehemu, na siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa na kauli kubwa pale nyumbani kuliko serikali nzima.

"We kijana, unamdai mtani kitambulisho? Hivi kwenu hamzikani? Mwache apite. Akitaka kuvunja vyungu avunje, akitaka kulala kitandani kwa mama alale. Ni haki yake huyo."

Mlinzi alimkagua Kalunde kwa miwani yake kuanzia utosini mpaka kwenye ule mguu usio na kiatu. Hakuona chuma, wala sumu, wala baruti. Aliona nyama na mifupa, akasogea pembeni.

Na kweli ilikuwa nyama. Chini ya ngozi ya Kalunde, kati ya kiwiko na kiganja, mlikuwa na vifuko viwili, kimoja kila mkono, vilivyooteshwa kutokana na chembe za samaki wa umeme wa Ziwa Tanganyika. Vilikunywa sukari ya damu yake na kuiweka akiba kama umeme. Akimshika mtu kwa mikono yote miwili, umeme ulitoka mkono wa kulia, ukapita mwilini mwa yule mtu, ukaingia mkono wa kushoto, na moyo uliokuwa njiani ukasimama. Madaktari waliandika presha, ndugu wakazika.

Samaki yule alimwachia na kipaji kingine ambacho hakuna aliyekipanga. Kila moyo unapopiga hutoa umeme kidogo sana, na Kalunde aliuhisi kwenye ngozi kutoka hatua ishirini. Alijua huu umetulia, huu unakimbia, huu unaogopa, huu unasema uongo. Kwa hilo tu aliipenda mikono yake.

"Vizuri, mwanangu," sauti ilisema ndani ya mfupa wa sikio lake, kwenye redio iliyooteshwa kwa mfupa huo huo, isiyo na chuma. "Umeshaingia."

Sauti hiyo ilikuwa ya Shangazi. Mabinti wote wa Idara, kitengo cha siri kilichomtuma, walimwita hivyo, na hakuna aliyelijua jina lake jingine. Ndiye aliyemtoa Kalunde kwenye kambi ya watoto baada ya mafuriko, akamlisha, akamsomesha, akamtia umeme mikononi. Mpango wa leo ulikuwa wake pia, na aliufurahia kama mtu aliyepata kiatu cha saizi yake. Daktari Chilongani, yule wa saba, alikuwa na walinzi usiku na mchana, na kwa miezi mitatu hakuwa ameshikana mkono na mgeni yeyote. Lakini Wagogo wanapozika, watani wao Wanyamwezi huruka kaburini na kugoma kutoka mpaka wapewe wanachodai. Na katika ukoo huu, anayemtoa mtani kaburini, kwa mikono yake mwenyewe, ni mtoto wa kiume wa marehemu. Kalunde alikuwa Mnyamwezi wa kuzaliwa, hakuhitaji hata kufundishwa.

"Atakupa mikono miwili mbele ya watu mia nne," Shangazi alikuwa amemwambia. "Ataanguka, nao watasema ni uchungu wa mama. Msaliti yule. Anawauzia wageni siri ya mikono yenu, na wakishaipata watawapasua kama vyura."

*

Utani wenyewe ulimjia kwa urahisi uliomshangaza. Bibi yake alikuwa mtani hodari, na mpaka anafikisha miaka tisa Kalunde alikuwa ameshazunguka naye misibani, akimwona akiwachekesha watu walioapa kwamba hawatacheka tena. Basi naye aliwanyang'anya wapishi upawa, akakimbia nao. Aliutukana mlenda, mboga yao ya kuteleza. Alipoambiwa kwamba marehemu, Bibi Nyemo, alikuwa akichechemea na kuzungumza na mizabibu yake, alichechemea uwanja mzima akiisalimia nguzo moja moja, "Umeamkaje wewe? Na wewe mvivu, utazaa lini?" Kina mama walicheka mpaka wakashikana mabega, kisha wakalia upya, kilio kile kinachomtua mtu mzigo.

Watu wa serikali walileta droni nne za kubeba jeneza. Kalunde alizirukia na upawa wake.

"Mama wa watu habebwi na mbu! Wabebaji ni sisi, tangu enzi za misafara! Ondoeni wadudu wenu!"

Droni ziliondolewa. Waziri mmoja aliyekuwa amekaa kwenye viti vya mbele alijikuta anapiga makofi. Kalunde alikuwa na furaha, furaha kabisa, na furaha hiyo ikamtia hofu. Hakuwahi kwenda kazini akafurahi.

Wakati wa chakula Daktari Chilongani alikuja mwenyewe na birika na beseni, kwa kuwa mtani hunawishwa na mwenye msiba. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, macho mekundu, shati limemkaa upande.

"Umetutesa vya kutosha, mtani. Sasa ule."

"Nile mlenda? Nimekosa nini mie?"

Alitabasamu. Akamimina maji, kisha mkono wake ukasita. Kwenye vifundo vya mikono ya Kalunde majivu yalikuwa yameoshwa, na chini yake kukatokea mishono miwili myembamba, ya duara, myeupe. Daktari alitazama kulia na kushoto. Akaendelea kumimina.

"Inauma wakati wa kipupwe?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Kalunde alizamisha mikono ndani ya beseni. "Sikuelewi, baba."

"Mshono huo niliubuni mimi. Vifuko hivyo nilivikuza kwa ajili ya wakunga wa vijijini. Mtoto anazaliwa, moyo haupigi, hospitali iko mbali. Mkunga anamshika hivi, moyo unaamka. Basi, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Idara wakaichukua, wakaenda kutafuta watoto wasio na wazazi. Jumatatu nakwenda kuyasema hayo mbele ya kamati ya Bunge."

"Mwongo," Shangazi alisema sikioni. "Usimsikilize."

Lakini Kalunde alikuwa anausikiliza moyo wa Daktari. Ulikuwa mzito kwa huzuni, na ulikuwa na hofu, tena nyingi. Ila haukuruka pale moyo wa mwongo unaporuka. Hapo ndipo jambo moja lilipomjia, akajiona mjinga kwa kutolijua mapema. Kwa miaka minne hakuwahi kuusikia moyo wa Shangazi. Siku zote kulikuwa na kioo kinene kati yao, au ukuta, au redio hii. Alidhani mama wa watu anaogopa ajali.

"Kwa nini huwaiti walinzi wako?" alinong'ona.

"Watakupiga risasi hapa hapa, mbele ya jeneza la mama. Umekuja ukawachekesha ndugu zangu, dada yangu hajacheka hivyo tangu Jumanne. Damu ya mtani haimwagwi msibani. Na wewe ni mtoto." Akamwekea taulo mkononi bila kumgusa ngozi. "Kama umekuja kwa hilo ninalolifikiria, ngoja nimzike mama kwanza. Nakuomba hilo tu."

Akaondoka na beseni lake kwenda kuwanawisha wengine. Kalunde alimtazama alivyoinama kwa kila mgeni.

*

Mpaka sahani inaisha, alikuwa ameamua. Hamuui mtu huyu. Kuamua kulikuwa rahisi kuliko alivyodhani, ugumu ulikuwa kwenye mikono.

Kila binti wa Idara alijua habari za ufunguo. Shangazi alikuwa na kidude mezani kwake kilichoweza kufungua vifuko vyao kutoka popote. Kalunde akigusana na Daktari, kidude kingemalizia kazi, atake asitake. Na akikataa kumgusa, Shangazi angeugeuza umeme urudi ndani, uingie kwenye moyo wa Kalunde mwenyewe. Binti mmoja aliyeitwa Sikitu alifanyiwa hivyo uwanjani, wenzake wakitazama, ili wajifunze. Kwa hiyo vifuko vikiwa vimejaa, lazima afe mmoja wao. Dawa ilikuwa kuvimwaga, vyote, mpaka tone la mwisho, jambo walilokatazwa kwa sababu huviunguza na havioti tena. Angebaki na mikono ya kushikia jembe. Na mioyo asingeisikia tena.

Kaburi lilichimbwa katikati ya shamba la mizabibu la Bibi Nyemo, kwenye udongo mweupe wa magadi, mkavu kama unga. Saa tisa alasiri jeneza lilifika, likibebwa na watu, nyimbo zikiwa juu. Kalunde alitupa furushi lake, akakimbia, akaruka ndani.

"Hazikwi mtu hapa!" alipiga mayowe kutoka chini. "Babu zenu walikuwa wanatutoza ushuru tukipita na misafara! Hata maji ya kisimani tuliyanunua! Leo njia hii ni yangu, na mimi natoza!"

Watu walishangilia. Mbeleje alichungulia kutoka juu, mikono kiunoni.

"Unataka nini, mlafi wewe? Tukupe soda?"

"Soda wanywe mawaziri! Nataka maji ya kisima cha Bibi Nyemo, kibuyu kizima, na aniletee mwanawe!"

"Maji ya nini?" Shangazi aliuliza sikioni. "Hayo hayakuwemo."

"Ndio utani, Shangazi," alinong'ona huku akijifanya anakohoa. "Kila mtani hudai lake."

Alilala chali akingoja. Kutoka pale chini aliwahisi wote, mioyo mia nne imemzunguka, mingine ya watoto ikidundadunda harakaharaka, mmoja wa mzee ukikosea hatua na kurudia. Aliusikiliza mmoja mmoja kwa makusudi, kama anayeaga.

Kivuli kikaanguka juu yake. Daktari Chilongani alipiga magoti ukingoni, akamshushia kibuyu. Moyo wake ulikuwa unakwenda mbio.

"Ushuru wako, mtani."

Kalunde alikipokea kwa chini, mbali na vidole vyake. Aliketi, akanywa funda moja, yaliyobaki akayamwaga kati ya magoti yake. Udongo ulikunywa, ukalainika, ukawa tope la chumvi. Umeme hauwezi kupita kwenye udongo mkavu, lakini tope la magadi huupokea wote bila kubakiza.

Daktari alinyoosha mikono yote miwili. Alijua, na bado aliinyoosha. Kalunde hajapata kumsahau kwa hilo.

"Mshike," Shangazi alisema.

Kalunde alipiga magoti, akaichomeka mikono yake topeni mpaka vifundoni.

"Kalunde. Unafanya nini? Mwanangu, nitahesabu mpaka tano, unanijua."

"Nakujua," Kalunde alisema kwa sauti ya kawaida. "Nimekujua leo."

"Moja. Mbili."

Hakungoja tatu. Alifungua vifuko vyote viwili kwa pamoja na kuvikamua kama mtu anayekamua nguo, na umeme wa kuua watu kumi ukatoka mkono huu, ukalichemsha tope, ukaingia mkono ule, ukatoka tena. Maumivu yalimpanda mpaka kwenye meno. Alisikia harufu ya nyama yake mwenyewe. Ndani ya sikio kitu kililia tap, na sauti ya Shangazi ikakatika katikati ya neno. Kisha mioyo yote mia nne ikazimika, siyo kwamba watu walikufa, walikuwa pale juu wakipiga vigelegele kwa kudhani ni mchezo. Yeye tu ndiye aliyekuwa hawasikii tena. Ukimya ule ulimliza, na hayo yalikuwa machozi yake ya kwanza ya kweli siku ile.

"Imekwisha?" Daktari aliuliza kwa sauti ndogo.

"Imekwisha, baba."

Alimpa mikono iliyojaa tope na malengelenge. Katika miaka minne, kila aliyeshikwa na mikono ile miwili alikufa. Huyu aliguna kwa uzito, akamvuta, akamtoa nje, akamfunika kanga ya dada yake mabegani.

*

Mchungaji alikuwa ameshafungua kitabu. Mbeleje akamzuia kwa kidole.

"Subiri kidogo, Mchungaji. Mtani ana neno la mwisho."

Hilo nalo lilikuwa la desturi, na ndilo Idara walilolisahau. Katika utani wao waliona mlango wa kuingilia, basi. Hawakukumbuka kwamba kabla ya udongo kushuka mtani husema atakalo, juu ya marehemu, juu ya walio hai, juu ya mkubwa yeyote aliyepo, na hakuna wa kumkatiza wala wa kumkasirikia. Shangazi angeweza kuuliza. Mzee yeyote wa Dodoma angemwambia.

Kalunde alitazama umati. Bila kuisikia mioyo, nyuso zilikuwa nyuso tu, ikabidi azisome kama watu wengine wanavyosoma. Nyuma kabisa aliona wanaume wawili wa suti za kijivu aliowafahamu kutoka kwenye korido za Idara. Alijua akifunga mdomo, huenda Daktari akamficha, huenda akaishi. Alijua pia akiufungua ataozea gerezani, kama atabahatika kufika.

"Mimi ni muuaji," alisema.

Walicheka. "Umeua sufuria ya ugali!" kijana mmoja aliropoka, na wakacheka zaidi.

"Nimeua watu sita. Wa kwanza aliitwa Gervas Nkwera, wakili. Ilikuwa Morogoro, kwenye mgahawa, alikuwa anakula ndizi za kuchoma. Nilijifanya namsalimia kwa heshima, nikampa mikono miwili."

Vicheko vilipungua, vikabaki vya wale wanaocheka kwa sababu jirani anacheka.

"Wa pili ni Salome Mbago, mhariri wa gazeti. Nilimkuta kanisani kwao. Alinikumbatia kwanza yeye."

Mmoja wa wale wa suti za kijivu alianza kupenya mbele, anasukuma watu. Mbeleje alimwona. Aliacha jeneza la mama yake, akamkabili katikati ya njia na mwili wake wote.

"Unakwenda wapi?"

"Mama, huyo binti ni mgonjwa, tunamchukua."

"Kaa chini. Mtani hakatizwi." Na kwa kuwa yule mtu hakukaa, wapishi watatu walisimama nyuma ya Mbeleje, na wachimba kaburi na makoleo yao, na hatimaye yule mlinzi wa mjini na miwani yake. Waziri hakupiga makofi tena. Mtu wa suti akabaki amesimama.

"Wa tatu," Kalunde alisema. "Wa tatu ni Yona Kisanga, mhandisi, aliyekuwa anafanya kazi na Daktari. Ilikuwa stesheni. Kulikuwa na baridi, alikuwa amevaa sweta la kijani la kufumwa kwa mkono, kola imefumwa vibaya upande mmoja. Nilijikwaa makusudi mbele yake. Akaniinua. Akaniambia, pole mdogo wangu."

Hapakuwa na aliyecheka. Upande wa wanawake, mama mmoja mwembamba aliyekuwa amekaa mkekani alijiinua taratibu, akiweka mkono begani kwa jirani yake.

"Kola hiyo," alisema, "nilifuma nikiwa naumwa. Nilimwambia aniachie niirekebishe, akakataa."

Kalunde alimgeukia. Alitaka kupiga magoti, lakini aliona kupiga magoti kungekuwa kujihurumia. Akabaki wima.

"Shikamoo, mama."

Mama Kisanga hakuitikia. Alimtazama usoni kwa muda mrefu, akamtazama mikono, akamtazama usoni tena. Mchungaji alifunga kitabu.

"Walioniambia ni presha iliyomuua walikuja na chai na sukari," alisema. "Wamebaki wangapi, binti?"

"Watatu."

"Wataje. Nao wana watu wao."

Kalunde alivuta pumzi, akamtaja wa nne.